Kunasa nondo ugenini ni rahisi, kuwatambua ndiyo kazi

MTEGO wa nondo huweza kuingia wote katika mkoba mmoja wa msafiri: shuka jeupe, kamba, taa na betri. Mgeni anayelitundika shuka hilo pembezoni mwa msitu wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, anaweza kupata kwa usiku mmoja wadudu wengi kuliko awezavyo kuwataja. Ugumu huanzia hapo.

Nondo wanaozungumziwa si vyuma vya wajenzi, bali wadudu wa kundi moja na vipepeo, ambao wengi wao huruka usiku. Duniani zimekwishaelezwa spishi zao zipatazo 160,000, ilhali za vipepeo hazifiki 20,000.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa nondo huifananisha taa na mwezi, ambao humwongoza njia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia kamera za kasi kubwa, ulionyesha jambo jingine. Mdudu arukaye usiku huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga, ambao kwa kawaida ni angani. Akifika karibu na taa huipa mgongo, mwendo wake ukapinda, naye akabaki akiizunguka.

Mtego uliobuniwa na ndugu wawili wa Uingereza, akina Robinson, mwaka 1950 una taa ya zebaki juu ya faneli, na chini yake chombo chenye trei za mayai ambamo nondo hujificha hadi asubuhi. Ni mtego mzuri, lakini hudai umeme mwingi. Nafuu kwa msafiri ilikuja mwaka 2017, pale mtafiti Gunnar Brehm wa Chuo Kikuu cha Jena, Ujerumani, alipotangaza taa ndogo ya urujuanimno inayotumia betri kama zile za kuchajia simu.

Usiku wenye joto, mawingu na utulivu wa upepo ndio unaofaa. Mbalamwezi hupunguza mavuno. Mtego ukaguliwe kabla hakujapambazuka, kwani ndege hawachelewi kuugundua.

Vitabu alivyozoea mgeni kwao havimsaidii sana. Anaweza kumtambua Acherontia atropos, mwenye alama mfano wa fuvu la mtu mgongoni, ambaye huingia katika mizinga ya nyuki kunyonya asali na hutoa mlio akishikwa. Huyo husafiri kutoka Afrika hadi Ulaya. Wengine wengi hutofautiana kwa viungo vya uzazi tu, vinavyoonekana kwa hadubini baada ya kupasuliwa. Programu za simu hupendekeza jina upesi, lakini pendekezo si uthibitisho.

Jina likikosewa, hasara haiishii kwa mgeni. Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, aliripotiwa kwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2016, kisha akaenea katika mashamba ya mahindi ya nchi nyingi. Nondo wake ni mdogo, wa rangi ya kijivu na kahawia, na hufanana na Spodoptera exempta, kiwavijeshi wa asili wa Afrika. Hata mitego yenye harufu ya jike, iliyotengenezwa kwa ajili yake, hunasa pia nondo wengine. Bwana shamba akihesabu wasiohusika, wakulima hununua dawa bure. Akiwapuuza wanaohusika, mahindi huliwa.

Kwa sababu hiyo kila nondo apigwe picha ya mabawa ya mbele, ya nyuma na vipapasio, pamoja na rula, na ziandikwe tarehe, mahali na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Anayekusudia kuwaua na kuwahifadhi kwa utafiti ana sharti jingine. Nchini Tanzania mtafiti wa kigeni huomba kibali Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na hifadhi ya Amani nayo ina taratibu zake. Ruhusa ya kukusanya haimaanishi ruhusa ya kusafirisha nje ya nchi. Hiyo huombwa peke yake, kabla ya siku ya kuondoka.