Lamb to the Slaughter (tamthilia ya televisheni)

Lamb to the Slaughter ni tamthilia fupi ya uhalifu ya Marekani, isiyofika nusu saa, iliyorushwa na CBS tarehe 13 Aprili 1958 katika mfululizo wa Alfred Hitchcock Presents. Hitchcock aliiongoza mwenyewe. Mswada ni wa Roald Dahl, kutokana na hadithi yake fupi iliyochapwa mwaka 1953. Jina lake linatoka kitabu cha Isaya, panapotajwa mwanakondoo apelekwaye machinjoni. Hapa kondoo ndiye anayeua.

Mary Maloney (Barbara Bel Geddes), mjamzito, anamngoja mumewe Patrick, mkuu wa polisi. Mume anaingia na kumwambia kwamba anamwacha kwa sababu ya mwanamke mwingine. Mary, kama aliyeziba masikio, anakwenda kwenye friza kutafuta kitoweo, anarudi na paja la kondoo lililoganda kama gogo, na kumpiga nalo kisogoni. Kisha analitia paja katika oveni, anatoka kwenda kununua mboga, na akirudi anawapigia simu polisi.

Utamu wote umo katika saa zinazofuata. Polisi wanapekua nyumba na bustani wakitafuta kitu kizito, huku harufu ya nyama ikijaa jikoni. Mary anawasihi wale, isije ikaungua. Wanakaa mezani, wanakata minofu, na mmoja anasema huenda silaha iko mbele ya pua zao. Chumba cha pili Mary ameegemea ukuta, anacheka kichinichini. Hitchcock haongezi vituko. Kamera imetulia kana kwamba ni mlo wa jioni wa kawaida, na ndiyo maana mtazamaji anacheka huku akijionea aibu.

Kazi hii ilimpatia Hitchcock uteuzi wa tuzo ya Emmy kwa uongozaji. Mwaka 1979 hadithi hiyo iliigizwa upya Uingereza katika Tales of the Unexpected, Susan George akiwa Mary.

Televisheni ya miaka ya 1950 haikupenda mhalifu aondoke hivi hivi, kwa hiyo Hitchcock alizoea kutoa hukumu katika maneno yake ya kufungia kipindi, kwa uso mkavu. Safari hii anaeleza kwamba Mary alijaribu kumuua mume wa pili kwa njia ileile akakamatwa: bwana huyo, msahaulifu, hakuwa amechomeka friza kwenye umeme, na nyama ilikuwa tepetepe.