Uzito Uliopotea katika Neno "Utukufu"



Neno utukufu limepita katika lugha kadhaa kabla ya kufika kwetu. Waebrania walisema kavod, neno lenye shina moja na uzito. Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kufasiri maandiko yao kwa Kigiriki, katika karne ya tatu Kabla ya Kristo, walichagua doxa, ambalo kwa Mgiriki wa kawaida lilikuwa dhana au sifa: jinsi watu wanavyokufikiria. Tofauti hiyo si ndogo. Sifa hutolewa na watu. Uzito umo ndani ya kitu chenyewe.

Katikati ya miaka ya 50 Paulo aliwaandikia Wakristo wa Korintho, mji wa biashara wenye bandari mbili, Lekayo na Kenkrea. Huko sifa ilikuwa na bei. Mwaka 1929 wachimbuaji walipata jiwe lenye maandishi kwamba Erasto mmoja alitandaza sakafu ya mawe kwa gharama yake, kwa sababu ya cheo alichopewa. Kwa wenyeji wa mji kama huo, Paulo alimwita mtu aliyesulubiwa Bwana wa utukufu. Na katika waraka wa pili, sura ya 4, aliweka dhiki nyepesi upande mmoja, na upande wa pili utukufu wenye uzito. Ni Kigiriki, lakini wazo ni la Kiebrania.

Wafasiri wa Kiswahili walipata neno zuri, linalotokana na kutukuka, yaani kukwezwa. Waislamu nao husema Kurani Tukufu. Ila katika Biblia ya Union ya 1952, wepesi wa dhiki ulibaki na uzito ukageuka kuwa wingi. Mizani ikabaki na kitanga kimoja. Wala Kiswahili hakikupungukiwa, maana mpaka leo tunasema "mtu mzito". Badala yake tulizoea kuwaita watawala "Mtukufu" bila kuwapima.

Hapa Port Botany, kama katika bandari nyingine za kimataifa, tangu tarehe 1 Julai 2016 kontena halipakiwi melini mpaka uzito wake uthibitishwe, kwani makaratasi yalikuwa yakisema hivi na mizani ikisema vile. Kwa mhandisi, doxa ni karatasi na kavod ni mizani.

Sisi tunaosifiwa nyumbani kwa sababu tu tulipanda ndege, tuna haja ya kuusoma tena mstari ule, na kujiuliza tuna uzito gani.