Sare, Beni na Lelemama: Bibi Zetu Walivyojivika Vyeo



Vijana wanaoshona mavazi ya wahusika wa katuni na filamu, kisha wakakutana kuonyeshana, huuita mchezo wao kosplei. Aghalabu huanza kuhesabu historia yake mwaka 1939, Myrtle Douglas wa Marekani alipojishonea vazi la zama zijazo na kulivaa kwenye mkutano wa New York.

Pwani yetu ilikuwa na beni tangu miaka ya 1890. Wanaume wa Lamu na Mombasa walivaa kama maofisa wa kizungu, wakajipa vyeo vya ufalme na uamiri, wakapiga gwaride kwa tarumbeta. Wanawake nao walikuwa na lelemama. Vyama vya Mombasa kama Banu Saada na Ibinaal Watan vilishona sare, vikachagua viongozi na kushindana. Mle ndani mwanamke aliyekuwa mtumwa au mgeni alipata mashoga wa kumzika na kumwozea binti.

Askari na vibarua waliipeleka beni bara. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Novemba 1918, Wajerumani walisalimu amri Abercorn, leo Mbala, ng'ambo ya mpaka kutoka nchi ya Kamsamba na Tunduma. Huko huko Zambia, beni ikazaa kalela. Mwaka 1951 kundi moja la Luanshya lilikuwa na "mfalme", "daktari" na mwanamke mmoja tu, "nesi", mwenye gauni jeupe. Kazi yake ilikuwa kuwapitishia wachezaji kioo na leso.

Masheikh hawakunyamaza. Sheikh Al-Amin Mazrui, katika gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, aliwaonya Waislamu wasiige Wazungu kibubusa. Na kweli, mashindano ya ngoma yalikula mali nyingi.

Bibi harusi wa leo, awe Unguja au Kamsamba, karithi yote mawili. Sare ya harusi huwaunganisha mashoga kama lelemama ilivyowaunganisha bibi zetu. Pia huweza kumtia mtu deni au kumfanya ajifiche nyumbani kwa kukosa kitambaa. Kwa hiyo mpenzi, kabla hujatangaza rangi, muulize kwa siri yule shoga yako mwenye uwezo mdogo. Bei anayoiweza yeye ndiyo iwe bei ya sare yenu, na Allah Atie baraka.