Foleni ya Krismasi Mjini Berlin

Ukuta wa Berlin ukitajwa, wengi hukumbuka Kennedy na Khrushchev. Mimi huwakumbuka wakazi wa Bernauer Strasse. Nyumba zao zilikuwa Mashariki, lakini njia ya miguu chini ya madirisha yao ilikuwa Magharibi. Mpaka ulipofungwa tarehe 13 Agosti 1961, baadhi yao waliruka dirishani. Ida Siekmann aliruka siku tisa baadaye, akafa. Kisha madirisha yakazibwa kwa matofali.

Jamaa wakabaki kupungiana mikono kwa mbali, mama akimwinua mtoto juu ili bibi yake amwone.

Krismasi ya 1963 watu wa Berlin Magharibi walipewa vibali vya siku moja, kuwaona jamaa tu. Walipanga foleni saa nyingi barazani penye baridi kali. Wapatao 700,000 walivuka, wengine zaidi ya mara moja. Sidhani walikwenda kupinga ukomunisti. Walikwenda kula na shangazi zao.

Vibali hivyo vya sikukuu vilikoma mwaka 1966. Tangu hapo hadi 1972, kuvuka kulihitaji arusi, uzazi, ugonjwa mahututi au maziko.