Ambari na Harufu Yake

Yatupasa kwanza kutenga maneno mawili ambayo wanafunzi huyachanganya. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe, nao hufanywa shanga na tasbihi. Ambari ni kitu cha baharini, chepesi, chenye rangi ya majivu, tena cha kunukia. Jina ni la Kiarabu. Wafaransa walilitumia kwa vitu vyote viwili, hata ikawabidi kuiita hii ambre gris, yaani ya kijivu. Kiswahili hakikupatwa na taabu hiyo.

Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari ya Zanj mwaka 916, aliisifu ambari ya pwani hizi kuwa bora. Alidhani ya kuwa humea chini ya bahari, na samaki mkubwa akiimeza hufa. Ndipo Wazanji humvuta kwa vyusa na kamba, wakampasua tumbo na kuitoa. Wavuvi walitenda yapasayo. Wenye kalamu ndio waliogeuza asili yake. Hata mwaka 1783 daktari Franz Schwediawer alipoeleza huko London kwamba hufanyika matumboni mwa nyangumi, naye alionyesha midomo ya ngisi iliyogandamana ndani yake.

Ikiwa mpya ni nyeusi, laini, nayo yanuka kama samadi. Ikielea miaka mingi juani na katika chumvi, hugeuka rangi, ikaanza kunukia: upepo wa bahari, ubao wa kale, tumbaku, na kitu kama joto la ngozi ya mtu. Lugha yetu ina kunuka na kunukia, na ambari yapita katika yote mawili. Ikigusa nguo haiondoki upesi, na manukato mengine hudumu kwa kuchanganywa nayo.

Wako walimu wanaowafundisha vijana kwamba manukato ni mambo ya wanawake. Hatukubaliani nao. Pwani kanzu ya mume hufukizwa udi kama nguo za mkewe, na Zaburi ya 45 yamsifu mfalme kwa mavazi yanayonukia. Ambari haikupata kuwa ya upande mmoja. Mwingereza Edward Lane, katika kitabu chake cha mwaka 1836, asimulia matajiri wa Kairo waliobandika kipande chake chini ya kikombe. Kahawa ya moto iliyomiminwa juu yake ilinukia, na kipande hicho kilidumu majuma mawili au matatu.