Kupima jicho

Kitenzi "kupima" kina kazi mbili: tunapima malaria, tunapima kitambaa. Mgonjwa wa mtoto wa jicho akiambiwa kabla ya upasuaji kwamba atapimwa macho, hufikiria ubao wa herufi. Kumbe hapa maana ni ile ya fundi cherehani. Ili kuchagua lenzi bandia itakayopandikizwa, hupimwa mkunjo wa konea (kioo cha mbele ya jicho), kisha urefu wa jicho toka mbele hadi nyuma, kwa milimita. Jicho la mtu mzima huwa na milimita 23 au 24 hivi. Ukikosea milimita 1 tu, nguvu ya lenzi ya kupandikizwa hupotoka kwa karibu dayopta 3, na chombo cha kupimia kwa mawimbi ya sauti kikiikandamiza konea, jicho husomeka fupi kuliko lilivyo. Daktari wa macho Harold Ridley alipopandikiza lenzi bandia ya kwanza, London mwaka 1949, nguvu ya lenzi ilipotoka, na mgonjwa wake akabaki haoni mbali bila miwani.

Wauguzi waseme wazi: "Tunapima urefu wa jicho lako ili tukuchagulie lenzi." Hapo mgonjwa atajua pia kwamba ana haki ya kuulizwa: angependa kuona mbali bila miwani, au karibu?