Habari za Chakula cha Mja Mzito

Katika kitabu cha jubilei desturi ni kutazama nyuma, tukaona tulikotoka na njia tuliyopita. Wengine huandika habari za majengo na shule. Sisi twataka kuandika habari za jambo litendekalo jikoni, nalo ni chakula cha mwanamke mwenye mimba. Laonekana kuwa jambo dogo, lakini lina historia yake, na katika historia hiyo yamo makosa mengi ambayo waliolipa gharama yake ni akina mama na watoto wao.

Wazee wetu mahali pengi walimkataza mja mzito baadhi ya vyakula, hasa mayai. Wengine walisema mtoto atazaliwa hana nywele. Wengine walihofu ya kuwa mtoto atanenepa tumboni, na mama atashindwa kumzaa. Tusiwacheke. Walikuwa wameona kwa macho yao wanawake wakikaa katika uchungu siku mbili tatu, kisha wakafa, wala hapakuwa na daktari wa kuwapasua. Hofu yao ilikuwa ya kweli, ila dawa waliyoichagua haikuwa dawa.

Wala hofu hiyo haikuwa ya Afrika peke yake. Katika miji ya Ulaya ya karne ya 19 wasichana wengi walikua katika vichochoro visivyopata jua, wakashikwa na matege, na mifupa ya nyonga zao ikapindika hata njia ya uzazi ikawa nyembamba. Kupasua tumbo siku zile kulikuwa hatari kubwa. Basi mwaka 1889 daktari mmoja wa Hamburg, Ludwig Prochownick, alitangaza shauri lake: mwanamke wa namna hiyo, katika majuma ya mwisho ya mimba, apunguziwe vyakula vya wanga na sukari, na vinywaji pia, ili mtoto azaliwe mdogo. Shauri hilo lilikuwa la wale wachache wenye nyonga nyembamba. Lakini mashauri ya kujinyima yakaenea, hata wanawake wasio na dosari yo yote wakaambiwa vivyo hivyo. Kwa miaka mingi madaktari wengi wa Marekani waliwazuia wasiongezeke zaidi ya kilo 9 hivi, wakidhani ya kuwa kuongezeka ndiko kuletako kifafa cha mimba.

Wa kwanza kutuonyesha njia nyingine alikuwa mwanamke, Daktari Lucy Wills wa Uingereza. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, katika Bara Hindi, kuchunguza kwa nini wanawake maskini waliofanya kazi katika viwanda vya nguo walipungukiwa sana na damu wakati wa mimba. Hakuridhika na kuwapima tu. Aliuliza wala nini. Akaona ya kuwa chakula chao kilikuwa duni, mboga kidogo mno. Akajaribu vyakula mbalimbali kwa panya na kima, kisha akawapa wagonjwa Marmite, kitu cheusi kitokanacho na hamira ya pombe, ambacho Waingereza hupaka mkateni. Damu yao ikarudi. Habari hiyo aliitoa mwaka 1931. Mwaka 1941 watu wa elimu wa Marekani walichukua tani nne za spinachi, mboga ya jamii moja na mchicha wetu, wakatoa humo kitu kile chenye nguvu, wakakiita asidi ya foliki, kwa neno la Kilatini lenye maana ya jani. Na mwaka 1991 ikathibitika ya kuwa foliki, ikiliwa kabla ya mimba na katika majuma yake ya kwanza, huwakinga watoto wengi na mgongo wazi.

Fundisho la pili lilitoka katika vita. Septemba 1944 watu wa reli wa Uholanzi waligoma, na Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi wakazuia chakula kisipelekwe upande wa magharibi. Wakati wa baridi watu walikula vitunguu vya maua. Zaidi ya watu 20,000 wakafa kabla ya nchi kukombolewa mwezi wa Mei 1945. Watoto ambao mama zao walishikwa na njaa katika miezi ya mwisho ya mimba walizaliwa na uzani uliopungua kwa gramu 300 hivi. Wale walioshikwa na njaa tumboni katika miezi ya kwanza, uzani wao haukupungua. Lakini walipokuwa watu wazima, ugonjwa wa moyo ulionekana kwao zaidi kuliko kwa wenzao. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Basi mwaka 1970 wataalamu wa Marekani waliacha shauri la kujinyima, na mwaka 2009 wakaweka vipimo hivi: mwanamke mwenye uzani wa kiasi aongezeke kilo 11.5 hata 16. Mwembamba, kilo 12.5 hata 18. Mnene, kilo 7 hata 11.5, na mnene mno, kilo 5 hata 9. Wala si kweli ya kuwa mja mzito sharti ale chakula cha watu wawili. Miezi mitatu ya kwanza karibu hahitaji nyongeza. Baadaye huhitaji kidogo zaidi ya kawaida yake, nacho kiwe chakula chema: maharagwe na kunde, mchicha na matembele, dagaa, maziwa, matunda, na mayai yale yale yaliyokatazwa, yaliyopikwa yakaiva. Na vidonge vya madini ya chuma na foliki apewavyo kliniki avimeze, asiviweke kabatini.

Twawaomba walimu wayafundishe haya, wala si kwa wasichana tu. Katika nyumba nyingi sahani ya kwanza na kipande kikubwa cha samaki ni vya baba, na mama hula kilichobaki chunguni. Mja mzito aweza kuyajua yote tuliyoyaandika, asipate hata yai moja, ikiwa wale wanaokula pamoja naye hawayajui. Mvulana akijifunza shuleni leo, kesho atakapokuwa na nyumba yake atajua kumpakulia mkewe kwanza.